Tarehe ya Fundi

Kaka yangu ni mshona nguo, na kwa miaka mingi mtaa mzima umemwita Fundi Kesho. Jina hilo hakupewa kwa chuki. Ukienda kuchukua suruali yako, anakutazama usoni kwa upendo wa kweli, anakuuliza habari za watoto, anakusogezea kigoda, kisha anasema, "Njoo kesho." Analisema kama anayekupa zawadi. Nawe unaondoka mkono mtupu, tena umeshukuru. Ni mpaka ufike kona ndipo hasira zinakupanda, na kurudi huwezi tena kwa sababu umeshaagana naye vizuri.

Mimi ni mdogo wake na nafanya naye kazi. Yeye anakata na kushona. Mimi natengeneza matundu ya vifungo, nafunga vifungo na kukunja pindo. Duka tuliachiwa na baba yetu. Ni chumba kimoja kirefu chenye giza, na mbele yake kibaraza cha saruji kinachotazama barabara. Ukitaka ukweli, kibaraza ndicho duka lenyewe. Upande wa kulia ni wake na cherehani yake, upande wa kushoto ni wangu na kigoda changu, na katikati kuna mstari ambapo baba aliunganisha saruji ya siku mbili. Tundu la kifungo halishoneki gizani, hasa kwa macho yangu ya siku hizi, kwa hiyo mwanga wa pale nje ndio riziki yangu. Chini ya vibaraza unapita mtaro wa maji ya mvua, mwembamba, na maduka yote ya mtaa wa chini yameukalia bila aibu.

Sasa nieleze jinsi watu walivyojifunza kuishi na kaka yangu. Mteja akiwa na harusi mwisho wa mwezi, hasemi hivyo. Anasema ni katikati ya mwezi. Kaka akichelewa, na atachelewa, nguo itatoka kwa wakati wake. Mbinu hiyo ilifanya kazi mwaka mmoja hivi. Kisha kaka akashtuka. Aliona watu wanachukua magauni ya harusi huku wanacheka, hawana haraka, akauliza mawili matatu, akajua. Toka hapo ukimwambia katikati ya mwezi, yeye moyoni anaweka mwisho wa mwezi. Wateja nao wakajua kwamba amejua, wakaanza kusema mwanzo wa mwezi. Ikafika mahali mama mmoja alileta kitambaa cha sare ya mwanawe anayeanza shule, akaapa kwamba inatakiwa Jumatatu asubuhi, na mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, bado ananyonya.

Mtaani hiyo tukaiita tarehe ya fundi, na haikubaki kwenye nguo. Ukimwazima jirani ngazi, unamtajia tarehe ya fundi. Mganga wa meno akisema jino hili lazima litoke wiki hii, mgonjwa anauliza, "Wiki ya kweli, au ya fundi?" Hakuna aliyeona ubaya wowote. Sote tulikuwa waongo, na sote tulielewana vizuri sana.

Halafu akaja mhandisi. Alikuwa dada mwembamba mwenye mwendo wa haraka, amehamishiwa ofisi ya maji ya mji wetu, hana ndugu hapa wa kumpa somo. Alileta kitambaa kizuri cha rangi ya machungwa, kizito, cha kuning'inia vizuri, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Fundi, dada yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ndiye nitakayesimama naye. Utaweza?"

"Jumamosi ya wiki ijayo," kaka akasema. "Hilo halina neno kabisa, mwanangu."

Akampima mabega, akampima kiuno, akamsifia kitambaa. Alipoondoka tu, kaka akakikunja kitambaa, akakiweka chini kabisa ya rundo.

"Harusi ni mwezi ujao," akaniambia. "Yule dada ana haraka ya uso tu."

Ijumaa jioni ya wiki iliyofuata mhandisi akarudi, nywele zimeshasukwa za sherehe.

"Shikamoo, fundi. Nimefuata gauni langu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo kesho."

"Kesho ndiyo harusi."

Kaka akacheka kidogo, kama mtu anayemruhusu mwenzake aache mchezo. "Sasa niambie. Harusi ni lini?"

"Nilikuambia Jumamosi."

"Ndiyo, nilisikia. Jumamosi ya kweli, au Jumamosi ya fundi?"

Yule dada akamwangalia, akaniangalia mimi, akarudi kumwangalia yeye. "Kwani Jumamosi ziko ngapi?"

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Kelele kaka amezizoea. Hata akitukanwa anaendelea kutia uzi kwenye sindano. Huyu alipokea kitambaa chake, hakijaguswa hata na chaki, akasema asante, akaenda. Baadaye tulisikia kwamba alisimama na dada yake harusini akiwa na sare ya ofisi, lile shati la buluu lenye picha ya tone la maji kifuani. Kaka alipoambiwa aliweka mkasi chini.

"Kwa nini hakudanganya kama watu wengine?" akaniuliza. Alikuwa ameumia kweli, na alitaka jibu.

Mambo yangeishia hapo kama si mvua. Miaka hii ya karibuni mvua zimebadilika tabia. Zamani zilinyesha wiki nzima kwa adabu, ukajua kesho utavaa nini. Siku hizi zinachelewa mpaka tunazisahau, kisha zinamwaga kila kitu kwa asubuhi moja. Mara ya mwisho maji yalipanda kibarazani, yakafika kwenye kanyagio la cherehani, yakakaa pale kama mgeni anayesubiri chai, ndipo yakashuka. Basi ofisi ya maji ikaita mkutano wa wenye maduka wa mtaa wa chini. Tulikutana kwenye darasa la shule, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni.

Aliyesimama mbele alikuwa mhandisi, na shati lake la buluu. Kaka akajishusha kwenye dawati kadiri alivyoweza.

Ilichotaka ofisi ya maji ni hiki: mtaro upanuliwe kabla ya mvua, na ili upanuke, vibaraza vyetu vyote vivunjwe. Kabla ya mvua maana yake ni kipindi kile kile ambacho shule zinakaribia kufunguliwa. Mtaa wetu unaishi kwa kipindi hicho. Sare, viatu, mabegi, madaftari, kila kitu kinauzwa pale kibarazani. Mimi nilisikia neno "vivunjwe", nikakiona kigoda changu kimeingia gizani na sindano yangu inatafuta tundu kwa kupapasa.

Kwa bahati mbaya mhandisi alianzia mbali. Alitueleza jinsi dunia inavyopata joto, jinsi mawingu ya sasa yanavyobeba maji mengi kuliko yale ya zamani, kisha akaonyesha ukutani picha ya mji wetu mwishoni mwa karne. Mtaa wa chini ulikuwa na rangi ya buluu, wote.

"Mwisho wa karne sisi tutakuwa makaburini!" mtu akasema nyuma.

"Na huko tutalowa vilevile," mwingine akamjibu.

Tukacheka. Mzee Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama. Yeye ndiye mkubwa wetu, na hapendi kitu chochote ambacho hakijawahi kutokea.

"Mwanangu, mwaka ule wa gharika wewe hujazaliwa. Maji yalinifika hapa." Akajigusa kiunoni. "Yakaja, yakaondoka. Tukafagia, tukafungua maduka. Leo unaniambia mvua ni mpya?"

"Si mpya, mzee. Ila ile yako ilikuja mara moja katika maisha yako. Hizi zinakuja na kurudi."

"Na ile pia ilirudi. Ilirudi ilikotoka." Akakaa, na watu wakampigia makofi.

Diwani naye hakukosa neno. Alisema analichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, tena mkubwa sana, na kwa sababu ya uzito huo anashauri iundwe kamati itakayoleta mapendekezo baada ya uchaguzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini baada ya uchaguzi. Nani atampigia kura mtu aliyemvunjia kibaraza? Wala simcheki sana. Yeye aliona mpaka mwisho wa kipindi chake, Mzee Misumari aliona mpaka ujana wake, mhandisi aliona mpaka watoto wa watoto wetu, na mimi macho yangu yalikomea kwenye msimu wa sare. Tulikuwa chumba kimoja, tumebanana, lakini kila mtu alikuwa na mwaka wake.

Mhandisi akaona amewapoteza watu. Akazima picha.

"Basi tuache karne," akasema. "Mtaro huu hautabeba mvua zinazokuja. Nasema za mwaka huu. Zikinyesha kama zilivyonyesha mara ya mwisho, maji hayatasimama kibarazani. Yataingia ndani."

Nakumbuka nilisikia dawati likilia chini ya mtu mnene. Halafu kutoka nyuma kabisa, sauti ikapaa:

"Hiyo ni tarehe ya fundi!"

Tulikufa kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi, na kilichonichekesha zaidi ni jinsi kila mtu alivyopata nafuu. Mabega yalishuka. Watu wakaanza kupigia hesabu ule mwaka kama wanaopatana bei sokoni. Amesema mwaka huu, kwa hiyo ni miaka mitano. Mitano? Kama ni wa serikali weka kumi. Mhandisi alisimama pale mbele na nadhani alielewa, maana alimtazama kaka yangu.

Kaka hakuwa anacheka. Akaanza kujinasua kwenye dawati, na dawati likang'ang'ania, ikabidi nimsukume. Katika maisha yake yote hajawahi kusema kitu mkutanoni.

"Ndugu zangu," akasema, "fundi mwenyewe ni mimi. Hizo tarehe mnazozichekea nimezizaa mimi, kwa hiyo naomba mnisikilize. Huyu dada aliniletea kitambaa. Akaniambia Jumamosi." Akamgeukia mhandisi. "Na ilikuwa Jumamosi."

Watu wakasubiri mwisho wa utani.

"Ndiyo hivyo. Ilikuwa Jumamosi kweli. Kwa wateja wangu wote, na ninyi nyote humu ni wateja wangu, ni yeye peke yake aliyeniambia siku yenyewe. Mimi nikayapunguza maneno yake kama bei ya sokoni, jinsi ninavyowapunguzia ninyi, akaenda harusini na nguo za kazini. Sasa amesema mwaka huu. Mimi safari hii sipunguzi."

"Kumbe ulimharibia gauni, ndiyo unataka tumlipe kwa vibaraza vyetu!" Mzee Misumari akasema, na kicheko kikarudi. Kisha akasema jambo ambalo, kwa haki, lilikuwa na maana. "Fundi, harusi aliipanga dada yake, ndiyo maana aliijua siku. Mvua amepanga nani?"

"Mvua siijui, mzee," kaka akajibu. "Namjua mtu."

Diwani akashukuru kwa michango yote, akaomba kura ya mikono. Wanaotaka vibaraza vivunjwe sasa: kaka yangu, mshona viatu wa mwisho wa mtaa, na mama mmoja ambaye nadhani alikuwa anajinyoosha. Wanaotaka tusubiri msimu upite: mikono ikajaa. Wangu ulikuwemo. Niliunyoosha vizuri kabisa, nikiwa na kigoda changu akilini, na kaka akageuka akauona.

"Sawa," akasema, bado amesimama. "Wengi wape. Lakini kibaraza ni changu, hakihitaji kamati. Mimi naanza kesho."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mwalimu wa darasa la jirani alichungulia kuona kuna nini. Diwani alitoa kitambaa akafuta macho. Mhandisi mwenyewe, maskini, alitabasamu huku anakunja nyaya zake. Fundi Kesho anaanza kesho!

Asubuhi nilikwenda kazini bila haraka, chupa ya chai mkononi. Kwenye kona nikasikia gwa, gwa, nikadhani gari limeharibika. Nilipokata kona nikakuta watu wamejaa mbele ya duka letu. Cherehani haikuwepo kibarazani. Kaka alikuwa ameinama na sururu, shati limemganda mgongoni, na upande wake wa kibaraza ulikuwa vifusi. Mikono yake ni ya kushika sindano. Sururu ilikuwa inamchezesha inavyotaka.

"Fundi, leo umewahi!" watu wanamwambia. "Jamani, mwiteni daktari, huyu hayuko sawa!"

Mzee Misumari akaja, akasimama, akaitazama nyundo ndogo iliyokuwa pembeni. Akatikisa kichwa kwa uchungu. Akarudi dukani kwake, akaja na nyundo kubwa ya mpini mrefu.

"Nakuazima," akasema. "Sikubaliani na wewe hata kidogo, ila siwezi kutazama kazi mbaya namna hii."

"Nitairudisha lini, mzee?"

"Usinitajie tarehe wewe."

Mhandisi naye alikuja. Alichuchumaa na kipande cha chaki akachora mahali ukingo mpya wa mtaro utakapopita, kaka akaangalia ile chaki, akaangalia pembeni. Gari la diwani likapita polepole, kioo kikashuka, kikapanda.

Mimi nilikuwa nimesimama na chupa yangu ya chai, nimekasirika. Nasema wazi. Nilikuwa na hasira kwamba hakuniuliza, kwamba ametufanya kichekesho wakati wa msimu. Na nilikuwa namwonea fahari, na hilo likazidi kunikasirisha. Ndipo nikaona amefika kwenye ule mstari wa saruji ya baba, akasimamisha kazi. Upande wangu ulikuwa mzima. Kigoda changu kilikuwa palepale, tena amekifuta vumbi.

"Mbona umeishia hapo?" nikamuuliza.

"Hapo ni kwako, mdogo wangu."

"Kwangu kukibaki, mtaro si umeziba palepale? Hiyo kazi yako yote itakuwa bure."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa mimi sikuamulii. Jana ulinyoosha mkono, niliuona." Hakusema kwa kinyongo. Akachukua chupa ya chai mkononi mwangu, akajimiminia, akakaa juu ya vifusi vyake.

Nikakaa kwenye kigoda. Mwanga ulikuwa mzuri sana asubuhi ile, mwanga wa kuona uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe. Ndani ya mlango rundo la sare lilikuwa linanisubiri, zote hazina hata tundu moja. Nilitaka kumwambia wiki ijayo. Nikimaliza hizi sare, wiki ijayo. Na sikuwa nadanganya. Niliiona wiki ijayo vizuri kabisa, sare zimeisha, mimi nimesimama nimeshika nyundo, kila kitu kimekaa sawa. Ndipo nikamwelewa kaka yangu, baada ya miaka yote hii ya kumcheka. Kumbe hakuwa anawadanganya wateja. Kila alipowaambia kesho, alikuwa anaiona, na suruali zao zote zimeshonwa, zimepigwa pasi, zinaning'inia ndani yake.

Watu wakaanza kutawanyika, wameona hakuna zaidi. Nikasimama, nikabeba kigoda nikakiingiza ndani, nikakiweka kando ya ukuta ambapo hata mkono wangu siuoni. Nikatoka nje. Nyundo ya Mzee Misumari ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikatazama juu. Anga lilikuwa buluu tupu, halina wingu hata la kusingizia, na nikapiga.